SOMO LA TISA: MTU ANAYEKUFUATAFUATA

Tumchukue mama mmoja mjane. Anashona nguo kwa cherehani barazani, karibu na gulio. Siku moja mwanamume anamtaka mapenzi. Mama anamjibu, "Sitaki, ndugu yangu." Kama mambo yangeishia hapo, pasingekuwa na somo.

Kesho yake mtu yule yuko kisimani. Jumamosi yuko gulioni, ameegemea nguzo. Jioni amesimama chini ya mwembe, anatazama mlango wa mama. Hamgusi wala hamtukani. Kisha simu inaanza kulia usiku. Mama akibadili njia ya shambani, naye anabadili. Mwishowe mama haendi tena gulioni, na cherehani imefunikwa kanga.

Jirani anamwuliza, "Kwani amekufanya nini? Njia ni ya watu wote."

Jirani amesema nusu ya kweli. Kusimama chini ya mwembe si kosa. Kupiga simu si kosa. Lakini jirani anapima kila tendo peke yake. Kumfuatafuata mtu hupimwa kwa jumla: jambo limerudiwa, mwenyewe amekwisha kukataa, na sasa anaishi kwa hofu.

Nchi nyingine zimelitungia sheria. Uingereza ilitunga sheria juu ya usumbufu wa namna hii mwaka 1997, nayo inataka tendo liwe limefanyika walau mara mbili. India iliongeza kosa hili mwaka 2013: mwanamume anamfuata mwanamke na kumtafuta tena na tena, ingawa mwanamke ameonyesha wazi kwamba hataki. Kosa la kwanza ni kifungo hadi miaka 3. Akirudia, hadi miaka 5. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, imelihesabu katika ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kumwamuru mtu akae mbali.

Kwetu Tanzania, mashtaka hutegemea alichofanya mtu huyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimgusa anayemsumbua mwenzake kijinsia, hata kwa maneno au vitendo tu. Iliweka kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kuamuru alipe fidia. Kutishia kumpiga mtu au kumchomea nyumba ni kosa lingine.

Kwa simu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Anayetuma ujumbe kwa nia ya kutisha, kusumbua au kumtia mtu uchungu moyoni hulipa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Soma tena pole pole: "isiyozidi" na "isiyopungua". Watu wengi huyachanganya maneno haya, hata waliosoma zamani.

Sasa, mama atathibitishaje? Hapa daftari lina kazi. Aandike kila mara, siku ile ile:

Jumanne, 4 Machi 2025. Saa 1 jioni. Mwembeni. Ameona: muuza vitumbua.

Mstari mmoja hausemi mengi. Mistari kumi na mitano inasema. Ujumbe wa simu asiufute, hata kama unachukiza.

Amweleze mwenyekiti wa kitongoji, ndiyo. Lakini mara nyingi wazee humwita mtu, anaomba radhi, wanashikana mikono, na wiki ya pili yuko mwembeni tena. Mimi sipendi shauri la namna hiyo liishie barazani. Mama aende polisi na daftari lake. Vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Malalamiko yakiandikwa aombe namba ya RB, naye aiandike mwenyewe.

Mwanamume naye anaweza kufuatwafuatwa. Asione haya kushtaki.

MASWALI
1. Jirani alikosea wapi?
2. Faini "isiyozidi shilingi 200,000" inaweza kuwa shilingi 150,000? Je, shilingi 300,000?
3. Andika mistari mitatu ya daftari la mama. Kila mstari uwe na siku, saa, mahali na aliyeona.