HISTORIA YA KIJIJI KATIKA HESABU YA WATU

Msomaji wetu aliye Mayoni, kando ya barabara itokayo Mumias kwenda Bungoma, akitaka kuijua historia ya kijiji chake, yampasa aanze na swali hili: watu walihesabiwa lini, na walihesabiwaje?

Zamani kilichohesabiwa ni nyumba, kwa ajili ya kodi. Mwaka 1948 ilifanywa hesabu ya kwanza ya watu wa Kenya nzima, nao wakaonekana kuwa 5,400,000 hivi. Mwaka 1969, miaka sita baada ya Uhuru, walikuwa 10,942,705. Na mwaka 2019 walifika 47,564,296.

Katika kuzisoma hesabu hizo, mambo matatu yafaa kuangaliwa.

Kwanza, mipaka. Mwaka 1948 Mayoni ilikuwamo katika Wilaya ya Nyanza ya Kaskazini, iliyochukua pia Bungoma na Vihiga za leo. Kulinganisha jumla ya wilaya ile na jumla ya Kaunti ya Kakamega ni kama kulinganisha gunia na kikapu.

Pili, mahali. Kila mtu huandikwa pale alipolala usiku wa kuhesabiwa. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kijana wa Mayoni aliyelala Nairobi aliandikwa Nairobi, ingawa mkewe na shamba lake wako nyumbani. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Kakamega ionekane kuwa na wanawake 970,406 na wanaume 897,133 tu.

Tatu, ardhi. Watu wa kaunti hiyo walikuwa 1,660,651 mwaka 2009, wakafika 1,867,579 mwaka 2019, yaani watu 618 katika kila kilomita mraba. Kilomita mraba moja ni eka 247. Basi fungu la kila mtu halikufika nusu eka, kabla ya kuondoa barabara, mito na masoko. Na tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, ardhi hiyo hiyo ilitakiwa iote miwa pamoja na mahindi ya chakula.

Tufanye hesabu. Mzee mwenye eka mbili na wana wanne akiwagawia sawasawa, kila mwana hupata nusu eka. Naye mwana huyo akiwa na wana wanne, kila mjukuu hupata thumni ya eka. Baba mwenye busara huipiga hesabu hiyo mapema, akamtafutia mtoto elimu au ufundi kabla ya kumwonyesha mpaka wa shamba.

Kadhalika, mgao wa fedha za kaunti hutegemea idadi ya watu, pamoja na mambo mengine. Kwa hiyo karani wa sensa afikapo mlangoni, aelezwe kweli tupu. Anayemficha mtoto asihesabiwe, huenda anamnyima mtoto huyo dawati shuleni na dawa zahanatini.