Somo la jira: Tusiipeleke Makka Ugiriki

Juma hili mniwie radhi, kwani nitazungumzia hesabu. Najua wapo watakaotaka kufungua ukurasa mwingine, lakini nawaomba wasubiri kidogo, hasa wenye watoto wa kidato cha kwanza.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mwaka mmoja shule yetu ilikaa muhula mzima bila mwalimu wa hesabu, nami nikaombwa nishike kidato cha kwanza kwa kuwa nilipokuwa chuo kikuu sikuwa mgeni sana wa namba. Siku ya kwanza binti mmoja, hodari wa kuhifadhi Qur'ani, akaniambia waziwazi: "Ustaadh, mimi hesabu si yangu." Hakusema kwa jeuri. Alikuwa amekwishakubali, kama mtu anavyokubali kwamba hakuzaliwa mrefu.

Mada iliyokuwa mbele yetu ni jira, yaani namna ya kuonesha mahali pa nukta kwa namba mbili. Kitabu kilianza na mihimili miwili, wa x uliolala na wa y uliosimama, inayokutana kwenye sifuri. Wanafunzi walinakili, na hakuna aliyeuliza ya nini.

Ikasadifu kwamba mtaani kwetu, Dar es Salaam, msikiti ulikuwa unajengwa upya na kukazuka mzozo wa kibla. Mzee mmoja alishikilia kwamba kibla ni kaskazini moja kwa moja. Kijana aliyetoka Kigoma akasema kwao wanapinda upande wa mashariki, na kwa hiyo hapa pamekosewa. Kila mmoja alikuwa na hoja, na sauti zikaanza kupanda. Nikaona somo langu limejileta lenyewe.

Nikawaambia wanafunzi: ramani ya dunia nayo ni grafu. Mhimili wa x ni ikweta, na mhimili wa y ni mstari wa longitudo sifuri unaopita Greenwich, Uingereza. Zinapokutana ni baharini, katika Ghuba ya Guinea. Ukienda mashariki namba ya kwanza ni chanya, magharibi ni hasi. Ukienda kaskazini namba ya pili ni chanya, kusini ni hasi. Tukakadiria digrii kwa namba kamili: Makka (40, 21), Dar es Salaam (39, -7), Kigoma (30, -5). Hasi zinatoka wapi? Sisi tuko kusini mwa ikweta, basi.

Hapo ndipo makosa yalipojitokeza, na naomba wazazi wanaowasaidia watoto wasome kwa makini. Karibu nusu ya darasa waligeuza namba. Kosa hili lina sababu: katika jiografia tumezoea kutaja latitudo kwanza, ilhali katika jira namba ya kwanza ni ya kutembea kulia au kushoto, na ya pili ndiyo ya kupanda au kushuka. Aliyeandika Makka (21, 40) aliiweka kaskazini mwa Ugiriki, karibu na mpaka wa Albania. Na Dar es Salaam yake, (-7, 39), ikaangukia mpakani mwa Ureno na Hispania! Darasa likacheka, lakini nikawauliza: huyu akiunganisha nukta zake mbili ataswali akielekea wapi? Wakaangalia mstari wake. Karibu mashariki tupu. Kicheko kikaisha. Katika Suratul Baqara, aya ya 144, tumeamrishwa kuelekea Msikiti Mtukufu, na hapa mpangilio wa namba mbili tu unampoteza mtu kiasi hicho.

Kosa la pili ni la kipimo. Wengine walitumia sentimita moja kwa digrii 5 kwenye mhimili wa x, na kwa digrii 10 kwenye y ili karatasi itoshe. Nukta zinakaa mahali pake, ila pembe inaharibika. Ukitaka kupima pembe, mihimili yote miwili lazima iwe na kipimo kimoja.

Baada ya kusahihisha, tukaunganisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Makka unakwenda kulia hatua 1 na kupanda 28. Kutoka Kigoma unakwenda kulia 10 na kupanda 26. Kwa kipimapembe, mstari wa Dar unaiacha kaskazini kwa digrii 2 hivi, na wa Kigoma kwa digrii 21 kuelekea mashariki. Kumbe mzee alikuwa sawa kwa Dar na kijana alikuwa sawa kwa Kigoma! Binti niliyemtaja ndiye aliyeipeleka karatasi kwa baba yake, aliyekuwa katika kamati ya ujenzi.

Wengi huambiwa kwamba jira ni kazi ya Mfaransa Descartes, aliyechapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637. Ni kweli kwamba yeye, pamoja na Fermat, ndio waliounganisha mistari na milinganyo. Lakini kutaja mahali kwa namba mbili ni jambo kongwe zaidi. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu chake cha Tahdid akitafuta kibla cha mji wa Ghazna, ambao leo uko Afghanistan. Latitudo aliipata kwa kupima urefu wa jua. Longitudo ndiyo iliyokuwa ngumu. Mwezi ulipopatwa mwaka 997, yeye akiwa Kath na Abul Wafa akiwa Baghdad, kila mmoja aliandika saa za mji wake. Tofauti ilikuwa karibu saa moja, na dunia huzunguka digrii 15 kwa saa.

Nisiwafiche upungufu wa karatasi yetu. Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Kwetu Afrika Mashariki kosa ni dogo, lakini aliyeko New York, (-74, 41), grafu itamwambia aelekee kusini mashariki, ilhali njia fupi juu ya tufe inaanzia kaskazini mashariki. Hesabu ya tufe inakuja madarasa ya juu.

Kwa sasa mpe mwanao Mtwara, (40, -10), na Makka, (40, 21). Mwambie atafute mwinamo wa mstari huo, yaani kupanda gawanya kwa kwenda kulia. Atapata 31 gawanya kwa 0, na atakuja kukuambia kwamba haigawanyiki. Usimjibu. Mwambie auchore kwanza.