SOMO LA KIINGEREZA: MAANA YA "PUT OFF"

Tuseme mkulima ana shauri la mpaka wa shamba lake. Anapata barua fupi kwa Kiingereza: "Your case has been put off." Mwanawe anaifasiri neno kwa neno: "put" ni kuweka, na "off" ni kuondoka, basi shauri limeondolewa. Mzee anashukuru Mungu, anarudi kulima. Siku nyingine shauri linasikilizwa naye hayupo, na shamba linamponyoka.

Kosa liko wapi? Katika Kiingereza, kitendo kikiungana na neno dogo kama "off", "up" au "after", mara nyingi huzaliwa maana mpya. Kiswahili nacho kina mambo ya namna hiyo: apigaye simu au apigaye pasi hakumpiga mtu.

"Put off" maana yake ya kwanza ni kuahirisha, yaani kusogeza jambo mbele. Jambo halikufa, limengojeshwa. Kulivunja kabisa huitwa "call off". Kwa hiyo:

"The meeting has been put off": Mkutano umeahirishwa.

"The meeting has been called off": Mkutano umevunjwa, hautafanyika.

Asomaye "put off" na aulize papo hapo: Mpaka lini? Mkulima yule angaliuliza hivyo kwa karani, shamba lisingalimponyoka.

Maana nyingine ni kumzungusha mtu: "He put me off with excuses", alinizungusha kwa visingizio. Tena ni kumwondolea mtu hamu: "The smell put him off his food", harufu ile ilimwondolea hamu ya chakula.

Mpango wa maneno nao uangaliwe. Yafaa kusema "put off the journey" au "put the journey off". Lakini kwa "it" husemwa "put it off" tu. "Put off it" ni kosa. Na "put" haibadiliki kwa wakati uliopita: "Yesterday they put off the journey."

ZOEZI. Fasiri kwa Kiingereza:
1. Harusi imeahirishwa mpaka Jumamosi.
2. Mchezo umevunjwa kwa sababu ya mvua.
3. Usiiahirishe.

Wahenga walisema: Linalowezekana leo lisingoje kesho. Na zoezi hili lisiwe "put off".