Kutunza Nyumba na Wanyama wa Mtu Aliye Safarini

Nataka kuwaelezeni kazi moja ambayo wengi wetu huombwa kuifanya, ila hatufundishwi darasani. Nayo ni kukaa katika nyumba ya mtu aliyekwenda safari ya mbali, kuilinda, na kuwatunza wanyama wake mpaka arudi. Hapa Uganda na katika nchi jirani wamo wageni wengi wafanyao kazi: waalimu, madaktari, mapadre na mafundi. Mmoja wao akienda livu kwao huacha nyumba, na mara nyingi huacha mbwa au paka. Mtu anayefikiriwa upesi kupewa ufunguo ni mwanafunzi wa kidato cha juu, kwa kuwa ajua kusoma na kuandika, na hana mke wala watoto wa kumwita nyumbani.

Mimi nilipewa ufunguo wa namna hiyo likizo ya Desemba iliyopita. Kwetu ni ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Tanzania, na nauli ya kwenda na kurudi si ndogo, hivyo likizo nyingine nabaki huku huku ugenini. Mwalimu wetu mmoja, mtu wa Uingereza, alikuwa akienda kwao pamoja na mkewe kwa majuma saba. Aliniita akaniuliza kama naweza kulala nyumbani kwake na kumtunza mbwa wake, Simba, pamoja na paka wawili. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Nilimwuliza kwa nini hawachukui wanyama wao katika ndege, maana nilidhani ni shauri la nauli tu. Akacheka, akaniambia kwamba nauli ni sehemu ndogo. Mbwa atokaye katika nchi zetu hizi, ambazo kichaa cha mbwa hakijaisha, hapokewi Uingereza wala katika nchi za Umoja wa Ulaya mpaka atimize masharti mengi. Kwanza hutiwa chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye nambari yake. Kisha huchanjwa. Baada ya siku 30 au zaidi hutolewa damu, ikapelekwa kupimwa kama chanjo imeshika. Hata ikiwa imeshika, lazima zipite bado miezi 3 tangu siku ile ya kutolewa damu ndipo aweze kuingia. Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi: mpaka mwaka 2000, mbwa aliyetoka nchi za ng'ambo aliwekwa kizuizini Uingereza kwa miezi 6. Basi mtu mwenye livu ya majuma saba afanyeje? Amwache mbwa, atafute kijana.

Kuhusu nyumba yenyewe sina mengi ya kusema. Mtu aonyeshwe mahali pa kufungia maji na pa kuzimia umeme, afunge mtungi wa gesi kila usiku, wala asikaribishe rafiki zake kuja kusikiliza muziki. Mwenye akili ayajua hayo. Kazi iko kwa wanyama, kwa sababu nyumba haina huzuni, lakini mnyama anayo. Simba alilala mlangoni siku mbili akiitazama njia. Paka walijificha chini ya kabati, nikaona macho tu. Nilitaka kuwavuta kwa nguvu, lakini mzee alindaye lango akaniambia, "Waache, mwanangu. Weka chakula, keti kimya, usiwatazame." Nikafanya hivyo, na jioni ya siku ya tatu mmoja akatoka akala. Baadaye nilisoma kwamba paka asiyekula kabisa siku mbili tatu yuko hatarini, kwa sababu ini lake hujaa mafuta. Kwa hiyo mlinzi wa paka ni lazima ajue kwa hakika kama chakula kimeliwa, na kimeliwa na nani. Wakiwa wawili, walishwe mbali mbali.

Tena wengi wetu twadhani kwamba paka aweza kuishi kwa posho na maziwa, na apate nyama kwa bahati yake. Sivyo. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea kiasi cha kutosha cha kitu kiitwacho taurini, ambacho kimo katika nyama na samaki. Akikikosa muda mrefu, macho yake hupofuka na moyo wake hudhoofika. Na maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi waliokwisha kua. Mbwa yeye anakula vingi zaidi, lakini asipewe vitunguu, zabibu wala chokoleti. Hivyo ni sumu kwake.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Mwalimu alikuwa amenionyesha kibano kidogo cha chuma, akaniagiza kila jioni nimpekue Simba kupe: ndani ya masikio, shingoni, kwapani, katikati ya vidole. Kupe akionekana, ashikwe karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja. Asichomwe moto wala kupakwa mafuta ya taa, kama tufanyavyo sisi vijijini. Juma la kwanza nilifanya hivyo kila siku. Juma la pili kulikuwa na mashindano ya mpira katika kiwanja kilicho karibu na malisho ya ng'ombe, na nyasi zake ni ndefu. Nilikwenda na Simba kila alasiri, tukarudi usiku, nami nimechoka. Sikumpekua siku tano.

Siku ya 24, Jumapili, Simba hakula. Nilijiambia kwamba ni joto. Tulikuwa tumepatana na Mwalimu kwamba kila Jumapili nitampelekea habari kwa simu ya mkononi. Nikaandika maneno yale yale niliyozoea kuandika: "Wote wazima." Nilijua wakati naandika kwamba si kweli.

Jumatatu alikuwa amelala tu. Nilipoinua mdomo wake niliona ufizi, ambao hupasa kuwa mwekundu kidogo, umekuwa mweupe kama karatasi. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Jirani mmoja akanishauri nimpe vidonge vyetu vya kuumwa kichwa, yaani parasetamoli. Nashukuru sikumpa. Dawa hiyo yaweza kumdhuru mbwa, na kwa paka kidonge kimoja tu chatosha kumwua. Lakini sikumwandikia Mwalimu siku hiyo pia. Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema bila kutaja mpira.

Jumanne asubuhi nilimpakia Simba katika toroli, nikamsukuma kilomita nne mpaka kwa daktari wa mifugo. Akamtazama, kisha akaniuliza, "Kijana, mbwa huyu ni wa nani?"

"Ni wa Mwalimu wetu, Bwana."

"Yuko wapi?"

"Uingereza."

"Nani amekupa ruhusa atiwe sindano, na nani atalipa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fedha za nyama ya majuma matatu, wala sikuwa na karatasi yo yote yenye mkono wa mwenye mbwa. Daktari hakuwa mtu mkali; aliniambia tu kwamba dawa nyingine zina hatari yake, na mnyama akifa mikononi mwake, mwenyewe aweza kuuliza. Ilikuwa saa 3 asubuhi kwetu, yaani saa 12 alfajiri kwao. Nikapiga simu. Mwalimu akaitika. Nikamweleza yote: mpira, kupe, na neno la Jumapili. Akanyamaza kidogo, akasema, "Atibiwe kwanza. Mengine tutayazungumza baadaye."

Daktari akatoa tone la damu katika sikio la Simba, akalipaka juu ya kioo, akalitia rangi, akatazama kwa hadubini. Kisha akaniita nami nitazame. Ndugu zangu wa sayansi, niliyoyaona sitayasahau. Ndani ya chembe nyekundu za damu mlikuwa na vijidudu viwili viwili, umbo lake kama matunda ya peasi yaliyogusana ncha. Huitwa Babesia, kwa jina la Victor Babeș, mtaalamu wa Romania aliyeviona katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Hukaa katika chembe nyekundu, wakaongezeka, wakazipasua, kama wafanyavyo vijidudu vya malaria kwetu sisi. Ndiyo sababu ufizi hupauka na mkojo hubadilika rangi.

Nami nilijifunza jambo ambalo kitabu chetu cha Biolojia kimelipita. Twafundishwa kwamba Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria katika mbu, huko Bara Hindi, mwaka 1897. Lakini mwaka 1893 Wamarekani wawili, Theobald Smith na F. L. Kilborne, walikuwa wamekwisha kueleza kwamba homa ya ng'ombe wa Texas huletwa na kupe. Kupe walitangulia mbu! Tena kupe hampi mbwa ugonjwa huu mara tu amwumapo. Kwa kawaida hana budi kunyonya siku mbili au tatu kwanza. Hii ndiyo maana ya kupekua kila jioni. Kupe wa leo akitolewa leo, kwa kawaida hajapata nafasi. Siku tano zangu za mpira ziliwapa nafasi kubwa.

Simba alipigwa sindano ya imidokabu, na nyingine baada ya siku 14. Siku ya nne alikula ini la ng'ombe mkononi mwangu, na hakuna chakula nilichopata kula mimi mwenyewe kilichonifurahisha hivyo.

Mwalimu aliporudi hakunikemea kwa ajili ya kupe. Alisema, "Hata mimi nimewahi kusahau." Aliloniuliza ni lile la Jumapili. Alisema kwamba yeye na mkewe, walipolisoma neno "wazima", walilala salama usingizi uliokuwa wa uongo, na kwamba majuma yote yaliyotangulia sasa hayajui kama ni kweli. Hilo liliniuma kuliko kiboko. Lakini naye alikiri kosa lake: aliniachia ufunguo bila kuniachia maandishi.

Siku ile nilipokubali upesi ningalipaswa kuuliza. Daktari wa wanyama ni nani? Niruhusiwe kutumia fedha ngapi bila kuomba shauri? Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiko wapi? Hili la mwisho si dogo, kwa kuwa mbwa akimwuma mtu, kidonda chapaswa kuoshwa kwa maji na sabuni dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Na daktari huko atataka kujua kama mbwa alichanjwa. Ni nani mwingine aliye na ufunguo wa nyumba? Na mnyama akifa, azikwe wapi? Watu huona haya kuuliza swali hili, lakini mimi nililiwaza usiku mzima wa Jumatatu ile, kwa kuwa sikujua hata kama ninaruhusiwa kuchimba bustanini.

Likizo ijayo Mwalimu atakwenda tena, nami nitakuwa na mitihani ya mwisho. Ufunguo atapewa kijana wa kidato cha tano. Tumekwisha kuandika karatasi, Mwalimu ameitia sahihi, na nakala moja iko kwa daktari wa mifugo. Mstari wa kwanza unasema kwamba mnyama akikosa kula mara moja, habari ipelekwe siku hiyo hiyo, na mlinzi aseme pia alilofanya au alilosahau. Kibano nimekifunga kwa uzi pamoja na ufunguo wa mlango, ili asiweze kuingia ndani jioni bila kukishika.