Video ina sauti, picha giza? Usikimbilie kununua simu

Wadogo zangu, leo najibu swali la mmoja wenu wa hapa mtaani kwetu, Himbi: “Yaya, video ya harusi ya dada yangu inacheza vizuri kwenye kompyuta ya aliyeipiga. Nikiiweka kwenye simu nasikia nyimbo tu, picha ni giza. Kijana wa kibandani anasema ninunue simu nyingine. Nifanye nini?”

Pole, mdogo wangu, ila pesa yako ibaki mfukoni. Simu yako ni nzima, na video nayo ni nzima. Hazijaelewana tu.

Hiyo .mp4 unayoiona mwishoni mwa jina la faili ni gunia. Ndani yake mna picha zilizobanwa kwa namna yake na sauti iliyobanwa kwa namna yake. Namna hiyo ya kubana ndiyo mafundi huiita kodeki. Ndiyo maana wanaobadilisha jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4 wanajichosha bure: kilichomo ndani ni kilekile.

Sasa tazama dalili. Sauti ipo na picha ni giza? Shuku kodeki ya H.265. Ilitoka mwaka 2013, na wapiga video wanaipenda kwa sababu faili hupungua hadi karibu nusu ya lile la H.264, ya mwaka 2003. Tatizo ni kwamba baadhi ya simu za bei ndogo, hasa za zamani, hazina chipu ya kuifungua. Picha ipo na sauti hakuna? Mara nyingi ni AC3 au DTS, sauti za majumba ya sinema. Simu inataka AAC. Picha inakwamakwama? Huenda ni picha kubwa ya 4K, na simu imezidiwa. Na kama faili linakataa hata kuingia kwenye kadi ya memori ilhali nafasi ipo, angalia uzito: kadi iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4.

Usibahatishe. Fungua video kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na J, utaonyeshwa kilichomo.

Kisha weka VLC kwenye simu yenyewe. Ni ya bure na ina kodeki zake. Video ikicheza, umeshatoka. Lakini simu isiyo na chipu ya H.265 itapata moto na kumaliza betri haraka, na sisi tunajua thamani ya chaji umeme ukikatika. Kama utaitazama video hiyo mara kwa mara, igeuze.

Tumia programu ya HandBrake kwenye kompyuta, nayo ni bure. Chagua “Fast 720p30”. Itakupa MP4 yenye H.264 na AAC. Usianze na harusi nzima! Iambie igeuze sekunde 60 za mwanzo tu, zijaribu kwenye simu, ukiridhika ndipo uachie kazi yote. Hapo chaji laptopu ijae kwanza. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, kwa hiyo kompyuta ikizimika katikati, ulichopata hakifunguki, utaanza upya.

Kuhusu ukubwa, piga hesabu: picha ya megabiti 1.5 kwa sekunde ni kama MB 675 kwa saa. Harusi ya saa tatu inazidi kidogo GB 2. Mama kijijini mwenye simu ya vitufe? Mkatie vipande vifupi tu, vya 3GP, picha ya 320 kwa 240.

Faili la asili usilifute, kwa sababu kila kugeuza kunapunguza ubora. Na ukimtumia shangazi kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida, itabanwa tena.

Harusi ijayo, mwambie mpiga video mapema: “Nataka nakala mbili, ya asili na ya simu: MP4, H.264, AAC, 720p.” Ukifika kuichukua, icheze kwenye simu yako mbele yake, mwanzo, katikati na mwisho. Ndipo umpe pesa iliyobaki.