Mafunzo Niliyopata Nikisaka Ujuzi wa Kompyuta Nakuru

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na vijana wanaotaka kazi za teknolojia hawalazimiki tena kupanda matatu ya Nairobi ndipo waanze. Mimi nilianzia saiba, yaani kibanda cha intaneti, nikapitia chuo cha ufundi, na sasa natunza mitandao ya kompyuta kati ya Njoro na Naivasha. Haya ndiyo niliyojifunza katika njia hiyo.

1. Anza na ngazi unayoifikia

Vyuo vya TVET, yaani vya elimu na mafunzo ya ufundi, vinafundisha kwa viwango. Mwenye C- katika mtihani wa KCSE huingia Kiwango cha 6, yaani stashahada. Mwenye D huanza Kiwango cha 5, na aliye chini ya hapo, hata mwenye E, ana nafasi katika viwango vya chini zaidi. Ukifuzu kimoja, unapanda kingine. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, huwakopesha wa TVET pia. Nimewaona walioanza na cheti wakiwapita wenzao waliokaa nyumbani wakiona haya kwa alama zao.

2. Saiba hukufunza watu

Juni inapoyoyoma, saiba za mjini hufurika: kila mwenye PIN ya KRA anataka kuwasilisha ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 kupita. Mama wa sokoni hakumbuki nywila, barua pepe alifunguliwa na mpwa wake aliyehamia Mombasa, na laini aliyojisajilia ilishapotea. Hapo ndipo nilipojifunza kuuliza swali moja baada ya jingine bila kumwaibisha mteja. Popote utakapoajiriwa kuwasaidia watumiaji wa kompyuta, kazi ni hiyo hiyo. Nilizoea pia kufuta nakala za vitambulisho kila jioni kabla ya kuzima mashine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mwenye kompyuta mbili kibandani.

3. Shika waya

Wengi hukimbilia kuandika programu. Lakini mimi kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliipata kwa sababu ya koleo. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbilimbili. Unazinyoosha kwa kidole gumba, unazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Unazikata zilingane, unazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki hadi uone shaba nchani, ndipo unabana. Nyuzi mbili zikipishana, taa za kipimio zinakuumbua papo hapo.

Waya huo haufai kuzidi mita 100. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, kutoka ofisini hadi kivungulio cha mwisho ni mbali kuliko hapo, na pampu za maji huko zinaendeshwa kwa kompyuta. Anayejua kuunganisha faiba na kuelekeza antena hakosi kuitwa.

4. Omba atachimenti (mafunzo ya kazini) mapema

Usingoje muhula wa mwisho. Peleka barua hospitalini, kwenye sacco, kiwandani. Penye mafundi wachache, mwanafunzi hukabidhiwa kazi halisi. Jaza daftari lako kila siku, maana mafunzo ya TVET yamejengwa juu ya umilisi na hupima ushahidi wa ulichofanya.

5. Kazi za mtandaoni zisiwe tegemeo la pekee

Mpango wa Ajira Digital, uliozinduliwa na serikali 2016, umewafunza vijana wengi kunukuu sauti, kuingiza data na kuwahudumia wateja wa mbali. Ni kazi za kweli, ila mwenye jukwaa akiwa ng'ambo, uamuzi nao uko ng'ambo. Machi 2024, Remotasks, iliyowapa Wakenya kazi ya kuweka lebo kwenye data za kufunzia akili unde, ilisitisha huduma zake nchini. Fanya kazi hizo, lakini uwe pia na ujuzi ambao jirani yako anaweza kuulipia.

6. Anza na shida iliyo karibu

Januari 2008, Kenya ilipokuwa ikiteketea baada ya uchaguzi, watu wachache, miongoni mwao Ory Okolloh na Juliana Rotich, walianzisha Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za vurugu kutoka kwa wananchi na kuziweka kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Ilifika huko kwa kuwa ilikuwa imejibu hitaji la watu wa hapa.

Mkulima wa viazi kule Molo anayetaka kujua nani amelipa na nani bado anadaiwa, anahitaji jedwali safi kabla ya programu yoyote. Mpangie hilo jedwali, mfundishe kulijaza kwa simu yake, mtoze bei ya haki, kisha mwombe akupeleke kwa jirani yake.