Somo juu ya Sala: Mbona Sijapewa?



Mara nyingi katekista husikia neno hili: «Nimesali siku tisa, mtoto wangu hajapona, sala yangu imepotea.» Wengine, wakiisha kunena hivyo, huitafuta tena hirizi waliyoitupa. Basi tujifunze namna Mungu anavyojibu.

Sala si dawa ya kumlazimisha Mungu. Mwenye hirizi hutaka kutawala nguvu. Mwenye kusali hunena na Baba. Mtoto mdogo akililia kisu, mama humnyima, kwa kuwa anampenda.

Tazameni mfano wa Mtakatifu Monika wa Thagaste, mji wa Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Mwanawe Augustino alizaliwa mwaka 354. Katika ujana wake alifuata mafundisho ya uongo, akaishi na mwanamke pasipo ndoa. Monika alimlilia Mungu miaka mingi, ili mwanawe aongoke.

Mwaka 383 Augustino alikusudia kwenda Roma. Mama yake akamsihi asiende, naye akamdanganya. Usiku ule Monika alikesha katika kanisa dogo karibu na bahari, akimwomba Mungu amzuie mwanawe. Kulipokucha, merikebu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Je, Mungu hakusikia? Alisikia. Kutoka Roma Augustino alifika Milano, akasikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi, na moyo wake ukageuka. Usiku wa Pasaka, mwaka 387, Ambrosi alimbatiza. Mungu alimnyima Monika ombi la usiku mmoja, apate kumpa ombi la miaka yote. Mwaka uleule Monika alifariki kwa amani.

Lakini mtoto tuliyemwombea akifa, tuseme nini? Tusijidai kujua shauri la Mungu. Tukumbuke kwamba Yesu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, aliomba kikombe cha mateso kiondoke, kisha akajiweka mikononi mwa Baba. Kikombe hakikuondoka, lakini siku ya tatu Baba alimfufua.

Basi, mkisali, shikeni mambo haya:

1. Sameheni kwanza wenye kuwakosea.
2. Ombeni kwa jina la Yesu, wokovu wa roho ukitangulia mahitaji ya mwili.
3. Tendeni yaliyo katika uwezo wenu. Monika alivuka bahari kumfuata mwanawe. Nanyi mpelekeni mgonjwa hospitalini huku mkisali.
4. Msichoke, tena mwachieni Mungu achague siku na njia.

MAULIZO

Je, sala yaweza kumlazimisha Mungu?
— Hapana. Mungu ni Baba. Hutoa kwa mapendo.

Mbona Mungu alimnyima Monika ombi la usiku ule?
— Kwa sababu alitaka kumpa lililo kubwa zaidi: wokovu wa mwanawe.

Tusipopata tulichoomba, tufanye nini?
— Tuzidi kusali kwa matumaini, wala tusirudie hirizi.